Darasa Ambamo Mtoto Akikosekana Wenzake Wanajua: Mwongozo wa Wiki Sita za Mwanzo wa Mwaka wa Shule

Mwaka mmoja nilikuwa mwalimu wa darasa wa Darasa la Tatu katika shule moja ya wilaya ya Chamwino, nikiwa na wanafunzi 90 katika chumba kimoja. Kila asubuhi niliita majina kutoka katika daftari la mahudhurio, nao wakaitikia mmoja mmoja, "Nipo, mwalimu." Wiki ya tatu baada ya kufungua shule, bibi mmoja alifika kuniarifu kwamba mjukuu wake alikuwa na homa, sasa amepata nafuu na kesho atakuja. Nilipofungua daftari nilikuta mtoto huyo amewekewa alama ya kuhudhuria siku zote tisa alizokuwa amelala nyumbani. Rafiki yake alikuwa akimwitikia, kwa nia njema kabisa, ili asije akaadhibiwa kwa utoro. Mimi mwalimu wake sikuijua sura yake, na watoto wengine 88 hawakuwa wameona kwamba kuna mwenzao hayupo.

Tangu wakati huo nimekuwa na kipimo kimoja cha umoja wa darasa, nacho ni hiki: ifikapo saa mbili na nusu asubuhi, mtoto yeyote akikosekana, wenzake wajue kwamba hayupo, na walau mmoja wao ajue sababu. Hatua ninazozieleza hapa zinalenga kufika hapo ndani ya wiki sita. Nimeziandika kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Dodoma na mikoa jirani, mwenye darasa kubwa, madawati machache na chaki. Mwenye watoto 40 atafanya kazi hiyohiyo kwa urahisi zaidi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya majira. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na shule inapofunguliwa Januari ndipo palizi ya mtama, uwele, karanga na alizeti inapowadia. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto mkubwa anabaki na mdogo wake, korongo likijaa maji hakuna anayevuka, na sare ya mwaka mpya pengine bado haijashonwa. Mtoto anayekosa siku tatu katika mazingira hayo bila mtu kumuulizia hujifunza kwamba kuwapo kwake na kutokuwapo ni mamoja, na akishajifunza hivyo siku tatu huwa wiki tatu.

Siku chache kabla ya kufungua

Kaa na mwalimu aliyewafundisha watoto hao mwaka uliopita, mpitie orodha jina kwa jina. Usimuulize nani mtukutu wala nani mzito kichwani, kwa sababu majibu hayo utayabeba hadi Desemba na mtoto atakuwa amehukumiwa kabla hujamwona. Muulize mtoto huyu anaishi kitongoji gani, analelewa na nani, anapita njia ipi kuja shuleni, nyumbani kwao wanazungumza lugha gani, na kama anaona na kusikia vizuri. Andika kwenye daftari la kawaida, mstari mmoja kwa kila mtoto, na uache nafasi pembeni. Ikiwa unapokea watoto kutoka mikondo miwili, mathalani A na B wanaounganishwa, zungumza na walimu wote wawili.

Uliza pia majina yanavyotamkwa. Mwalimu aliyetoka Kilimanjaro au Mtwara anaweza kulitamka jina la Kigogo au la Kirangi kwa namna inayowafanya watoto wacheke, na kicheko hicho humshukia mwenye jina, si mwalimu. Ukikuta jina limeandikwa vibaya kwenye daftari la mahudhurio, usilibadilishe kwa kalamu yako. Mpelekee mwalimu mkuu, mzazi aitwe na cheti cha kuzaliwa kiangaliwe, maana kosa dogo la herufi humsumbua mtoto miaka ya mbele kwenye mitihani.

Kisha andaa kadi za majina. Omba maboksi matupu dukani, ukate vipande vya sentimita 20 kwa 8, uandike jina moja kwenye kila kipande kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zinazosomeka kutoka ubaoni. Ni kazi ya jioni mbili kwa watoto 90. Naisisitiza kwa sababu mtoto anayekuta jina lake limekwisha kuandikwa na mtu aliyekuwa akimsubiri hukaa darasani kwa namna nyingine.

Mwisho, hesabu madawati. Dawati moja hukaa watoto watatu. Madawati mawili yakielekezana, walio mbele wakigeuka, unapata kikundi cha watoto sita bila kusogeza kitu kizito kila kipindi. Watoto 90 hufanya vikundi 15, na hesabu hiyo ndiyo mhimili wa yote yanayofuata. Madawati yakipungua, mkeka au turubai safi linaweza kubeba kikundi, ila hakikisha wanaokaa chini wanabadilishana na wengine kila wiki. Kikundi kimoja kikiachwa sakafuni mwaka mzima, kila mtu darasani ataelewa maana yake.

Siku ya kwanza: mlangoni

Watoto wakiingia darasani husimama na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, mwalimu!" nawe ukaitikia marahaba. Salamu hiyo ya pamoja ni adabu nzuri na sishauri iachwe, lakini ndani yake mtoto mmoja mmoja hupotea. Kwa hiyo siku ya kwanza, mkitoka mstarini, simama mlangoni na kadi zako. Kila mtoto afike mbele yako, akuamkie, akutajie jina lake, wewe uitikie kwa kulirudia jina hilo ukimtazama, umpe kadi yake na kumwonyesha pa kukaa. Sekunde kumi kwa kila mtoto, kwa watoto 90, ni dakika 15. Ni vyema kumwarifu mwalimu mkuu mapema ili asishangae kuona mstari mrefu nje ya darasa lako wakati wengine wamekwisha kuanza.

Atakuja mtoto bila sare, mwingine na malapa, mwingine na daftari moja lililobaki mwaka jana. Wapokee kwa maneno yaleyale uliyowapokea wengine. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila ada, na kumrudisha mtoto nyumbani siku ya kwanza kwa sababu ya nguo ni kumwambia kwamba darasa hili lina wenyewe, na yeye si mmoja wao. Suala la sare ni la kuzungumza na mzazi, faraghani, baadaye.

Siku hiyo usianze na kanuni, wala usiwatoe watoto kwenda kulima kiwanja. Najua majani ya Januari ni marefu, na katika shule nyingi wiki ya kwanza huisha kwa majembe na mafagio. Kazi za mikono zinaweza kujenga umoja, nami nitazirudia, lakini kazi inayofanywa na watoto wasiojuana majina, chini ya kiranja mwenye fimbo, hujenga kitu kingine. Siku ya kwanza watoto wakae katika vikundi vyao vya muda, wajue vyoo viko wapi na maji ya kunawa yanapatikana wapi, waimbe wimbo mmoja wanaoujua wote, wasikilize hadithi moja kutoka kwako, na waondoke wakijua majina ya watano wanaokaa nao. Mtoto akirudi nyumbani anaweza kuyataja majina matano, siku imetosha.

Wiki ya kwanza: majina, na swali la kuuliza

Jiwekee lengo la kujifunza majina 15 kwa siku. Kwa siku sita za masomo utakuwa umewafahamu wote 90, ukitumia kadi zilizo juu ya madawati. Watoto nao wajifunze ndani ya kikundi kwanza: wa kwanza anataja jina lake, wa pili anataja la mwenzake na lake, hadi wa sita anayataja yote. Mchezo huu ukiufanya kwa darasa zima la watoto 90 utawachosha na kuwaaibisha walio wa mwisho. Kwa watoto sita unamalizika kwa dakika tano na kila mmoja anafaulu. Siku ya tatu changanya, kikundi kimoja kikakae na cha jirani, wawe kumi na wawili.

Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa kwamba wimbo wa kupokezana huwaunganisha watu kuliko hotuba. Chukua mahadhi yoyote ambayo watoto wa kijiji hicho wanayajua, wapige makofi, kiongozi aimbe jina na kikundi kiitikie. Majina yanayoimbwa hayasahauliki. Kama kuna mzee jirani anayepiga zeze au marimba, mwalike wiki ya pili au ya tatu. Watoto wanaoona aibu kuzungumza Kigogo mbele ya wenzao watakuona wewe unakisikiliza kwa heshima.

Sasa niseme kuhusu swali la kuwauliza watoto wanapojitambulisha, maana hapa mimi mwenyewe nilikosea kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nikiuliza, "Likizo ulikwenda wapi?" Lilionekana swali la furaha. Lakini watu wa Dodoma wameongezeka kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma, na ile ya 2022 ikahesabu 765,179, na ongezeko hilo limechangiwa na Serikali kuhamia hapa tangu 2016. Katika dawati moja anaweza kukaa mtoto wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, mtoto wa mkulima wa zabibu na mtoto aliyekuja mjini kukaa na shangazi. Niliuliza swali langu, mmoja akasema alikwenda kuona bahari, mwingine akasema alipanda basi hadi Arusha, na wa tatu akasema kwa sauti ndogo, "Shambani." Darasa likacheka. Yule mtoto hakujibu swali langu lingine lolote hadi mwezi wa tatu.

Siku hizi nauliza, "Unajua kufanya nini?" Mmoja anajua kuswaga mbuzi hamsini bila kupotea hata mmoja, mwingine anajua kusonga ugali wa mtama, mwingine anajua kuziba pancha ya baiskeli, mwingine anajua kumbembeleza mtoto mchanga mpaka alale, mwingine anajua kutumia kompyuta ya baba yake. Majibu haya hayapangani juu na chini kama yale ya likizo, na kila jibu ni kitu ambacho wengine wanaweza kuomba kufundishwa. Ninayaandika katika ile nafasi niliyoiacha pembeni ya daftari langu, na kabla muhula haujaisha nahakikisha kila ujuzi umetajwa angalau mara moja ndani ya somo: mchungaji wa mbuzi anaanza hesabu ya kuzidisha, mziba pancha anaeleza kani ya msuguano kwa mfano wake. Maswali mengine ya kuepuka siku hizo za mwanzo ni kazi ya baba, idadi ya vyumba nyumbani, na nani amekuja na nini kwa ajili ya chai.

Vikundi, na wenzi wa njia

Mwishoni mwa wiki ya kwanza panga vikundi vya kudumu kwa muhula, watoto sita kila kimoja. Changanya wavulana na wasichana, wasomaji wepesi na wanaosoma kwa shida, wenye Kiswahili cha nyumbani na wenye Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Usivipange kwa uwezo. Watoto hugundua kwa siku mbili kikundi cha nyuma kina maana gani, hata ukikipa jina la simba. Mimi navipa vikundi majina ya miti iliyo karibu nasi: Mbuyu, Mkungugu, Mkwaju, Mwarobaini, na kadhalika, na kila kikundi kinaonyeshwa mti wake kama upo.

Jambo la muhimu zaidi ni lile ambalo walimu wengi hawalifikirii: ndani ya kikundi au nje yake, kila mtoto awe na mwenzi wa njia, yaani mtoto wa darasa hilo anayeishi kitongoji kimoja naye au anayepita njia ileile. Orodha ya vitongoji uliyoiandika kabla ya kufungua ndiyo itakayokuongoza. Mtoto anayeishi mbali peke yake mwambatanishe na mtoto wa darasa jingine wa kitongoji hicho, kwa makubaliano na mwalimu wake.

Kila kikundi kina mtunza kikundi mmoja, na cheo hicho kinazunguka kila wiki mbili, hivyo kwa wiki kumi na mbili wote sita wamekishika. Kazi yake ya kwanza ni taarifa ya asubuhi. Badala ya wewe kuita majina 90, watunza kikundi 15 husimama kwa zamu na kusema, "Mbuyu, sita, wote tupo," au, "Mkungugu, watano, Sechelela hayupo, mama yake amejifungua, anamsaidia nyumbani." Kwa dakika mbili au tatu unayo taarifa ya darasa zima, na unapojaza daftari la mahudhurio unathibitisha kwa macho yako kikundi kwa kikundi. Hakuna anayeweza kuitikiwa na rafiki, kwa sababu nafasi yake iko wazi mbele ya watano wanaomjua. Wafundishe mapema kwamba kuna sababu zisizotangazwa; mtunza kikundi akisema, "Nitakuambia baadaye, mwalimu," inatosha, nawe umsikilize mapumziko.

Mtoto akikosa siku mbili mfululizo, mwenzi wake wa njia anapita kwao wakati wa kurudi nyumbani kupeleka salamu za kikundi. Hapelekwi kuchunguza wala kumuuliza mzazi maswali, anasema tu, "Shikamoo, tunamuulizia mwenzetu." Asiiache njia yake ya kawaida, na mvua ikinyesha au korongo likijaa asiende popote ila kwao. Siku ya nne kazi inarudi kwako: mpigie mzazi simu, na asipopatikana zungumza na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mara nyingi anajua familia imehamia shamba la mbali au kuna msiba. Mtoto akirejea, usimuulize mbele ya wote alikuwa wapi. Kikundi kinamkaribisha na kumwonyesha yaliyosomwa, basi.

Wiki ya pili: makubaliano

Ukitunga kanuni siku ya kwanza, watoto watakutajia zile wanazojua mwalimu anapenda kusikia: tusipige kelele, tusichelewe, tuwe wasafi. Subiri mpaka wameishi pamoja wiki moja na wameumizana kidogo. Jumatatu ya wiki ya pili kila kikundi kijadili maswali mawili: wiki iliyopita ni jambo gani lilikufanya ujisikie vibaya darasani, na ni jambo gani lilikufanya ujisikie vizuri? Watunza kikundi watoe taarifa bila kutaja majina ya watu. Utasikia kalamu zilizochukuliwa, kucheka aliyekosea kusoma, majina ya utani, kusukumana kwenye foleni ya maji.

Kutoka hapo tungeni makubaliano manne, si kumi na tano. Yangu mara nyingi huishia karibu na haya: mtu akizungumza tunamsikiliza, mwenzetu akikosea hachekwi, kitu cha mtu kinaombwa, mwenzetu akikosekana tunamuulizia. Yaandike kwenye karatasi ya manila kwa mwandiko mkubwa, kila mtoto aandike jina lake chini kwa mkono wake, na asiyejua bado kuandika vizuri aweke alama ya dole gumba kwa wino. Nawe uandike lako, kwa sababu kicheko cha mwalimu kwa anayekosea huumiza kuliko cha mtoto.

Kuhusu majina ya utani nina la kusema zaidi. Watani wa kabila, wakiwa watu wazima wanaojuana, hutaniana hata msibani na hakuna anayeumia. Darasani hali ni nyingine. Mtoto wa Kigogo anayeitwa ombaomba, au wa Kisandawe anayeigizwa vidoko vya lugha yake, hana njia ya kujibu kama mtani, naye wenzake hawajui mipaka ambayo wazee wanaijua. Usipite hata mara moja bila kulizungumzia. Njia niliyoiona ikisaidia ni kuzifanya lugha za nyumbani kuwa mali ya darasa: kila wiki tunajifunza salamu ya lugha moja kutoka kwa mtoto mwenye lugha hiyo, tunaanza na "Mbukwenyi" ya Kigogo, na mtoto huyo ndiye mwalimu wetu wa matamshi kwa wiki nzima.

Orodha ya wapiga kelele

Hili linastahili sehemu yake. Karibu kila aliyesoma Tanzania anaikumbuka: mwalimu anatoka, monita anasimama mbele na karatasi, anaandika majina ya wapiga kelele, mwalimu anarudi na fimbo. Sijui desturi nyingine ya shule inayobomoa umoja wa darasa kwa haraka kama hii. Monita huandika asiowapenda na kuwafuta rafiki zake. Jina hufutwa kwa ubuyu, kwa karanga au kwa kipande cha muwa. Anayepigwa humchukia monita, na monita hula peke yake mapumziko. Tunamfundisha mtoto wa miaka tisa kuuza haki, kisha tunashangaa.

Kisheria pia mwalimu wa darasa hana uhuru anaoudhania. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu maalumu. Fimbo inayofuata orodha ya monita haimo humo.

Badala yake, ukilazimika kutoka, acha kazi ya kikundi yenye mwisho unaoonekana: hesabu tano kwenye karatasi moja, aya ya kusomeana kwa zamu, mchoro wa ramani ya kijiji. Mtunza kikundi ataripoti kazi imefika wapi, hataripoti watu. Mwombe mwalimu wa chumba cha jirani asikilize. Wiki mbili za kwanza kelele zitakuwapo, na utalazimika kuvumilia. Baada ya hapo watoto wanaozoea kudaiwa kazi husahau kutazama mlango.

Mgogoro ukitokea kati ya wawili, uwatoe chini ya mti na kuwauliza maswali matatu, kila mmoja akijibu bila kukatizwa: kilitokea nini, nani ameumia, na kifanyike nini ili mambo yakae sawa. Mara nyingi hutumia dakika saba. Yapo mambo yasiyo ya chini ya mti wala ya darasa: mtoto mwenye alama za kipigo, anayeogopa kurudi nyumbani, binti anayedokeza kuhusu ukeketaji au kuozwa. Hayo msikilize faragha, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, mjulishe mwalimu wa malezi na unasihi na mwalimu mkuu siku hiyohiyo ili ustawi wa jamii wahusishwe. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na ni vyema ikaandikwa ukutani tangu wiki ya kwanza.

Wiki ya tatu: kazi zenye maana

Sasa majembe yanaweza kutoka. Kila kikundi kipewe sehemu yake inayojulikana kwa muhula mzima, mti wake wa kumwagilia, kibuyu chirizi chake cha kujaza maji, rafu yake ya vitabu, na wewe uwepo, ushike ufagio nao. Kazi zizunguke, na uangalie jambo moja kwa makini: kwa mazoea wasichana huangukia kufagia na kuchota maji, wavulana hushika chaki na kengele. Andika zamu ubaoni ili isitegemee mazoea.

Wazazi

Mkutano wa wazazi ufanye wiki ya tatu au ya nne. Msimu wa palizi usiite watu saa tatu asubuhi. Muulize mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa watu wanarudi shambani saa ngapi, na usizidishe dakika 45. Usianze na michango. Waamkie kwa heshima zao, Mama fulani, Babu fulani, waketi kwa vikundi vya watoto wao ili mama wa Mkwaju wajuane, na uwaonyeshe kadi na makubaliano ya ukutani. Kisha uwaombe jambo moja tu: mtoto asipoweza kuja, wamtume mwenzi wake wa njia kusema. Ombi dogo lenye sababu inayoeleweka hutekelezwa, na mzazi aliyeombwa hilo kwa upole ndiye atakayekusikiliza ukizungumzia sare au uji wa shuleni.

Wiki ya sita: kupima, na kumtafuta asiyetajwa

Wape watoto kipande cha karatasi, waandike majina matano ya wanafunzi wasio wa kikundi chao, na jina la mtu mmoja ambaye wangemwomba msaada wakishindwa jambo. Wasioandika vizuri wakunong'oneze. Usisome karatasi hizo mbele ya darasa, wala usimwonyeshe mtu yeyote asiyewafundisha watoto hao. Nyumbani, weka alama mbele ya kila jina kila linapotajwa. Utakuta wachache wametajwa mara ishirini, wengi mara tatu au nne, na wanne au watano hawakutajwa na mtu yeyote.

Hao wanne au watano ndio kazi yako ya mwezi unaofuata. Tazama daftari lako, mtoto huyo alisema anajua kufanya nini, na utafute kazi ya darasa inayouhitaji ujuzi huo kweli. Msogeze akae karibu na mtoto mpole anayetajwa na wengi, bila kumweleza yeyote sababu. Mfanye mwenyeji wa mgeni: watoto hufika Dodoma mwaka mzima kwa uhamisho wa wazazi, na kila mgeni apewe mwenyeji wa wiki mbili wa kumwonyesha vyoo, njia na majina. Nimeona mara nyingi mtoto asiyetajwa na mtu akiwa mwenyeji bora kuliko wote, maana anajua vizuri kukaa peke yake kunavyokuwa. Rudia zoezi la karatasi baada ya mwezi.

Mkirudi kutoka likizo ya kwanza, simama tena mlangoni siku hiyo, sekunde kumi kwa kila mtoto, safari hii bila kadi. Yule aliyehama katikati ya muhula umpe kadi yake aondoke nayo, ikiwa na majina ya kikundi chake nyuma. Na kadi ya aliyekosekana bila taarifa isitolewe kwenye dawati. Ibaki pale, wenzake waione kila asubuhi, mpaka mmoja wenu ajue alipo.